Mzee Asiombe Alichokifanyia Kazi

Wako wazee katika nchi hii waliofanya kazi tangu ujana wao bila kupumzika hata msimu mmoja, ambao wakifika umri wa kuketi kivulini huambiwa na karani wa dirishani kwamba hawajulikani. Namfahamu mmoja wao. Alikuwa mlinzi wa usiku kwa zaidi ya miaka thelathini, chini ya waajiri watatu ambao sitawataja, na kila mwisho wa mwezi mshahara wake ulikatwa fedha za uzeeni. Hati za malipo anazo. Amezitunza ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ubatizo na risiti za karo za watoto. Alipotimiza miaka sitini alikwenda kudai haki yake, akagundua kwamba ana nambari tatu za uanachama. Ya kwanza iliandikwa kwa jina lake la ubatizo na jina la babake. Ya pili ilifuata kitambulisho. Ya tatu ilikuwa na herufi moja iliyokosewa na karani wa kampuni, na kwa herufi hiyo moja akawa mtu mwingine kabisa. Mwajiri wa pili, ilibainika, alikuwa akikata bila kupeleka. Mzee akatakiwa alete barua kutoka kwa mwajiri huyo, ambaye kampuni yake ilikuwa imefungwa miaka kadhaa kabla. Alisafiri mara nne. Mara ya tano alipiga hesabu ya nauli, akabaki nyumbani.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila serikali tuliyopata imetuahidi kurekebisha mfumo wa hifadhi ya jamii, na kila mara ahadi hiyo huja ikiwa imevikwa maneno mawili yanayopendeza masikioni: kurahisisha malipo, na kuhimiza watu wafanye kazi. Hakuna mwenye akili timamu atakayeyapinga. Lakini hatuna budi kuuliza: ni nani anayerahisishiwa, na ni kazi ya nani inayohimizwa? Mlinzi yule hakuhitaji kuhimizwa na mtu. Alikesha miaka thelathini akilinda mali ya wengine, na kilichomshinda mwishoni ni karatasi.

Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, yaani NSSF, iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Ilikuwa mfuko wa akiba tu: mfanyakazi anaweka, mwajiri anaweka kiasi sawa, na siku ya kustaafu mtu anapewa donge moja la fedha na kuagwa. Kwa miaka mingi kabla ya mabadiliko ya 2023, kiwango cha juu ambacho mfanyakazi alikatwa kilikuwa shilingi 200 kwa mwezi. Msomaji na achukue kalamu. Shilingi 200 zake na 200 za mwajiri, kwa miezi kumi na miwili, kwa miaka thelathini, ni shilingi 144,000 kabla ya riba. Hizo ndizo zilizotazamiwa zimlishe mtu na mkewe mpaka kaburini.

Na riba yenyewe ilikuwa ya kuliwaza watoto. Mwaka 1993 bei za bidhaa zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40, na akiba iliyokuwa imelala katika vitabu vya Hazina iliyeyuka kama mshumaa. Mwaka 2003 benki iliyoitwa Euro Bank ilipoanguka, ilianguka na fedha za mashirika kadhaa ya umma, NSSF ikiwa miongoni mwao. Wafanyakazi ambao jasho lao lilikuwa ndani ya fedha hizo hawakuulizwa kama wangependa akiba yao ilale katika benki ile. Kwa hiyo mtu akiwasikia Wakenya wakiguna kila Hazina inapotajwa, asidhani kwamba wanaguna kwa ubahili au kwa kutojua maana ya akiba. Watu hawa ndio wanaochangiana harusi, matanga na karo za watoto wa jirani bila kushurutishwa na sheria yoyote. Wanaguna kwa sababu wana kumbukumbu.

Mwaka 2013 ilitungwa sheria mpya ya NSSF. Iliweka makato ya asilimia 6 ya mshahara kwa mfanyakazi na asilimia 6 kwa mwajiri, ndani ya viwango maalumu, na ilikusudia mstaafu alipwe pensheni ya kila mwezi badala ya donge pekee. Ikakwama mahakamani kwa karibu miaka kumi. Septemba 2022 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Februari 2023 Mahakama ya Rufaa iliubatilisha uamuzi huo na makato mapya yakaanza mara moja. Februari 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha kesi katika Mahakama ya Rufaa. Mawakili wakiwa wangali wanajibizana, makato yaliendelea kupanda: mfanyakazi wa mshahara mnono aliyekatwa shilingi 1,080 mwaka 2023 alikatwa 4,320 mwaka 2025.

Mimi si miongoni mwa wanaotaka turudi kwenye shilingi 200. Asemaye hivyo anamtakia mzee njaa kwa kisingizio cha kumhurumia kijana. Asilimia 6 si dhambi. Pensheni ya kila mwezi ni bora mara nyingi kuliko donge linaloliwa na wajomba na matapeli katika miezi sita. Ila sheria ile ilirekebisha kiasi cha kukatwa, ikaacha karibu kila kitu kingine kama kilivyokuwa, na hapo ndipo ugomvi wangu nayo unapoanzia.

Tazama namna inavyogusa kazi yenyewe. Kijana aliyeajiriwa kwa shilingi 30,000 mwaka 2025 alikatwa 1,800 za NSSF, 825 za bima mpya ya afya na 450 za nyumba, jumla 3,075, kabla kodi ya mapato haijabisha hodi. Mwajiri naye akaongeza 1,800 na 450 kutoka mfukoni mwake. Fedha hizo zilikusanywa na ofisi tofauti, kila moja na tarehe zake na faini zake. Kwa kampuni kubwa yenye wahasibu hilo ni usumbufu. Kwa fundi mwenye karakana ya seremala na vijana wanne, ni sababu ya kutosha ya kumwambia kijana: njoo ufanye kazi, lakini tusiandikiane. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja anastahili kuhesabiwa kuwa mwajiriwa. Ndiyo maana viko viwanda ambavyo vibarua huachishwa kazi muda mfupi kabla mwezi haujatimia, kisha wakaitwa tena langoni wiki inayofuata kana kwamba hawajawahi kuonana na msimamizi. Mfumo unaodai kuhimiza kazi umezifanya kazi za halali kuwa ghali na kazi za kichochoroni kuwa rahisi.

Na hao wote angalau wana mwajiri. Takwimu za serikali zenyewe, bila hata kuwahesabu wakulima wadogo na wafugaji, huonyesha kwamba zaidi ya wanane katika kila wafanyakazi kumi wako katika sekta isiyo rasmi. Hao ndio mafundi wa jua kali, wauza mboga, waendeshaji wa bodaboda, wasusi na wapasua kokoto. Mwaka 2019 NSSF iliwaanzishia mpango wa Haba Haba, ambao mtu huweka kuanzia shilingi 25 kwa siku. Wazo lenyewe ni jema. Lakini muuza mboga anayeweka shilingi 25 zake haongezewi hata ndururu na mtu yeyote, wakati mfanyakazi wa ofisini hulipiwa sehemu sawa na mwajiri wake na tena huondolewa kodi kwa yale anayoweka. Anayefanya kazi kwa mikono yake mitupu huachwa achangie peke yake. Kisha tunashangaa kwamba hajisajili, na tunamwandalia semina ya kumfundisha umuhimu wa kuweka akiba, yeye ambaye yuko katika vyama vitatu vya kina mama na hajawahi kukosa zamu yake.

Upande wa pili wa mfumo ni fedha zinazotolewa na serikali kwa wasiojiweza. Mpango wa wazee ulianza mwaka 2007 kwa watu wachache. Wakati huo ulikusudiwa wenye miaka 65 na zaidi walioonekana kuwa maskini kabisa, na waliowaona ni kamati za mtaani ambamo chifu na naibu wake walikuwa na sauti kubwa. Mama mmoja wa rika la mamangu alinieleza jinsi alivyokibomoa kibanda chake cha sukuma wiki siku ambayo wakaguzi walitarajiwa. Aliambiwa na jirani kwamba mwenye biashara hahesabiwi kuwa maskini. Kibanda kilimpa faida ya shilingi mia hivi kwa siku njema. Akazificha mbao nyuma ya choo, akaketi mlangoni amejitanda leso, akasubiri kuonewa huruma.

Nimeifikiria picha hiyo mara nyingi. Mama huyu hakuwa mvivu. Alikuwa akifanya kazi akiwa na miaka karibu sabini. Sheria ndiyo iliyomwambia kwamba ili asaidiwe ni sharti kazi yake isionekane. Popote msaada unapotolewa kwa kupima umaskini wa mtu, huzaliwa adhabu juu ya kila shilingi anayoichuma na kila akiba anayoiweka. Na popote afisa anapoachiwa hiari ya kuamua nani ni maskini wa kutosha, mlungula hujipenyeza kwa mlango huohuo. Wenye kumbukumbu ya miaka ya tisini wanajua jinsi mahindi ya msaada yalivyoweza kugawiwa kwa kutazama kadi ya chama. Sheria ya Machifu ilirekebishwa mwaka 1997 ili kupunguza mamlaka yao juu ya mikutano na kazi za watu. Mamlaka juu ya tumbo la mzee yalidumu zaidi.

Kuanzia mwaka 2018 mpango huo, ambao sasa uko chini ya Inua Jamii, ulifunguliwa kwa wote wenye miaka 70 na zaidi wasiopokea pensheni ya serikali, bila kupimwa umaskini. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na aliyeitekeleza anastahili sifa. Mama yule angeweza kurudisha kibanda chake barabarani. Lakini Katiba ya 2010 inamhesabu mtu kuwa mzee anapopita miaka sitini. Kati ya sitini na sabini ipo miaka kumi ambayo Katiba inamwita mzee na hazina ya serikali inamwita kijana. Na malipo yenyewe yalikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi mwaka 2015, na yalikuwa bado 2,000 mwaka 2025, yakija wakati mwingine baada ya miezi kadhaa ya kungoja, wakati paketi ya unga haijawahi kumngoja mtu.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya yote ni kuunganisha mipango yote kuwa mmoja, kununua mtambo mpya wa kompyuta na kuupa mpango jina jipya. Hao nawaomba watazame yaliyoipata Uingereza, nchi iliyoturithisha fomu nyingi na kasumba nyingi za ofisi. Mwaka 2012 Bunge la huko lilipitisha sheria ya kuunganisha misaada sita kuwa mmoja, uitwao Universal Credit, na malipo yakaanza mwaka uliofuata. Nia ilikuwa njema, nalisema hilo bila kejeli. Chini ya utaratibu wa zamani, mtu maskini aliyeongeza saa za kazi alipunguziwa misaada na ofisi kadhaa kwa wakati mmoja, hata wengine walipoteza zaidi ya peni 90 katika kila pauni waliyoichuma. Nani angejisumbua? Msaada mmoja wenye kanuni moja ya kupunguza ungemwezesha kila mtu kujua kwamba kazi inalipa.

Kanuni hiyo moja ilianza kwa kumpunguzia mtu peni 65 katika kila pauni, ikashuka hadi 63 mwaka 2017, kisha 55 mwaka 2021. Tajiri mkubwa kabisa wa nchi hiyo hatozwi kodi ya mapato ya kiwango hicho. Aliyeomba msaada kwa mara ya kwanza alitakiwa kungoja wiki sita kabla ya kulipwa. Kelele zilipozidi, zikawa wiki tano mwaka 2018. Malipo yaliwekwa kuwa ya mara moja kwa mwezi, ili yafanane na mshahara, ingawa watu wengi wa kipato cha chini walikuwa wakilipwa kwa wiki. Waliobuni mpango walikuwa watu wa mshahara wa mwezi, wakadhani kila mtu huishi hivyo. Waliosubiri walikopa, wakachelewesha kodi za nyumba, wakapanga foleni kwenye maghala ya chakula cha msaada, mengi ya maghala hayo yakiendeshwa na makanisa. Ofisi ilikuwa imerahisishiwa kweli: msaada mmoja, mtambo mmoja, tarehe moja. Ugumu wote uliokuwa ofisini ulihamishiwa jikoni kwa watu.

Sisi tunaweza kufanya vizuri zaidi, kwa sababu hatuna misaada sita ya kufumua. Tuanze na kitambulisho. Mkenya amekwisha kupewa nambari moja na taifa lake. Nambari hiyohiyo na iwe nambari ya akiba yake tangu siku ya kwanza ya kibarua mpaka siku ya mwisho ya maisha yake, na mzigo wa kuthibitisha kwamba makato yalipelekwa uwe wa mwajiri na Hazina, wala si wa mzee mwenye mfuko wa plastiki. Mfanyakazi ajulishwe kwa simu yake kila mwezi fedha zake zilipoingia, na ajulishwe vilevile zisipoingia. Nchi ambamo bibi kijijini hupokea fedha za mwanawe kwa simu ndani ya dakika moja haiwezi kujitetea kwamba jambo hili ni gumu. Mwajiri anayekata bila kupeleka ameiba, na aitwe kwa jina hilo mahakamani.

Makato ya uzeeni, ya afya na ya nyumba yakusanywe mahali pamoja, kwa fomu moja, ili fundi wa karakana asihitaji mhasibu kumwandika kijana mmoja. Muuza mboga aruhusiwe kuweka kwa siku, kwa wiki au kwa mavuno, na serikali imwongezee kitu juu ya kila anachoweka, kama mwajiri anavyomwongezea mwenzake wa ofisini. Na chini ya yote hayo uwepo msingi: malipo ya kila mzee kwa sababu ni mzee, yasiyopunguzwa kwa kuwa ana kibanda, ana ng'ombe, ana mtoto Nairobi, au ana pensheni kidogo aliyojiwekea. Tukiyapunguza kwa sababu ya pensheni yake, tutakuwa tumemfundisha kijana wa leo kwamba asiyeweka akiba ndiye mwerevu.

Nitaulizwa, kama ilivyo desturi, fedha zitatoka wapi. Shilingi 2,000 kwa mwezi ni 24,000 kwa mwaka kwa kila mzee. Sidai kwamba hizo ni ndogo zikizidishwa kwa wazee wote, na kushusha umri kutoka sabini hadi sitini itabidi kufanywe hatua kwa hatua, labda mwaka mmoja mmoja. Nasema tu kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii na kuitwika serikali jukumu la kuwasaidia wasioweza kujikimu, na kwamba hakuna kifungu kama hicho kinachohusu magari ya kifahari ya mawaziri. Wala sina subira na hoja kwamba wazee wakilipwa watazembea. Mzee wa Kikenya akipata shilingi elfu mbili hununua mbegu, vifaranga, au madaftari ya mjukuu. Pengine ndiye mwekezaji mwaminifu zaidi tuliye naye.

Kifungu cha 201 kinadai wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na kila mwaka kabla ya bajeti ya mwezi Juni vikao vya kutoa maoni huitishwa, mara nyingi katika ukumbi wenye viti vitupu na maafisa wanaotazama saa. Mwaka huu viti visiwe vitupu. Kila kikundi cha wasomaji wetu kiende na wazee wake, na kila mzee aende na hati zake mkononi, apaze sauti aulize mbele ya mbunge na mbele ya waandishi: mwaka huu na mwaka huu nilikatwa, ziko wapi? Nimemweleza mlinzi yule habari hii. Amekubali kuja, mradi kikao kifanyike mahali anapoweza kufika kwa miguu.